Jaza Nafasi Iliyo Wazi

Katika walimu wote waliowahi kushika chaki, tangu chaki ilipokuwa bado jiwe mlimani, mimi peke yangu sijawahi kumtia mwanafunzi neno mdomoni. Andika hapo. Piga mstari chini yake, tena kwa rula. Wenzangu wanawalisha watoto maneno kama njiwa anavyolisha makinda. Mimi mwanafunzi wangu akifungua mdomo, kinachotoka ni chake, kina joto lake na harufu ya chai yake ya asubuhi. Nasema haya nikiwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kidato cha sita chenye daraja ambalo halikuhusu, na shati moja jeupe linalofuliwa jioni na kuvaliwa asubuhi likiwa bado halijaamua kukauka.

Tuendelee basi, kabla hujaanza kunitazama vibaya.

Shule yetu haina jina. Iliwahi kuwa nalo. Liliandikwa ukutani kwa rangi ya buluu, mvua ikalila herufi moja baada ya nyingine mpaka ikabaki SHU, na mji mzima ukaridhika. Mtoto wako anasoma wapi? Anasoma Shu. Lililobaki kila mtu alimalizia kichwani mwake. Darasa langu liko chini, na katikati yake, baina ya ubao na dirisha, imesimama ngazi ya mbao inayokwenda juu. Huko juu hakuna aliyewahi kushuka kutueleza kuna nini. Tunasikia viti vikiburuzwa tu, na mara mojamoja kicheko. Mwanafunzi akipata alama arobaini anapanda. Akipata thelathini na tisa anabaki kwenye dawati lake, na hapo ndipo mambo ya kwetu yanapoachana na ya kwenu, maana aliyebaki huzeeka palepale. Hazeeki kwa miaka, anazeeka kwa vipindi. Nimemwona kijana aliyeanza somo la kwanza na chunusi, kengele ya mapumziko ikamkuta ana mvi za masikioni. Nyuma kabisa, karibu na dirisha, ameketi mmoja tunayemwita Babu Kidato, meno mawili, kaptula ya sare, na bado ananyoosha kidole kila siku kuuliza: "Ticha, hii inatoka kwenye mtihani?"

Hilo ndilo swali pekee nililowahi kuulizwa Shu. Nimefundisha mvua inavyopatikana: inatoka? Nimefundisha moyo unavyosukuma damu: unatoka? Siku moja, kwa utani wangu, nilifundisha kwamba sote tutakufa, nikawaacha kimya dakika nzima lizame. Kidole kikanyooka. Kinatoka, ticha? Nikacheka nao. Usiku wa mawazo yangu, ambao huingia mchana wakati wowote unapotaka, nikajiuliza nani aliwafundisha kuwa ujuzi ni kitu kinachotoka, kama meno au jasho, na si kitu kinachoingia. Wao walitarajia majibu kutoka kwangu. Mimi nilitarajia kupendwa nao. Watu wawili wenye njaa tofauti wakiketi sahani moja, huwa wanakubaliana haraka sana kuhusu chakula kibaya.

Ufundi wa kazi nilifundishwa na Mwalimu Lihundi, ambaye alinifundisha na mimi zamani, katika chumba hikihiki, kama zamani ni neno sahihi kwa mahali ambapo saa ya ukutani imechorwa kwa mkaa. Siku yangu ya kwanza alinishika bega.

"Kijana, usije ukamwachia mtoto swali zima. Ukimwachia swali zima atakuletea jibu lake."

"Sasa si ndiyo elimu hiyo, mzee?"

"Hiyo ni ghasia. Wewe mwachie nusu neno. Nusu unaishika wewe, nusu anaimaliza yeye, na atakwenda nyumbani akidhani kasema mwenyewe."

Unaujua mchezo huo. Hata wewe umeucheza dawatini. Mwalimu anasema maji huchemka kwa ji..., na darasa linajibu ...kooo! Mwalimu anasema mtaji wa maskini ni nguvu za..., na darasa linajibu ...keee! Ukisimama mbele ya midomo arobaini na saba inayofunguka kwa pamoja kukumalizia neno, sikia nikwambie, hakuna utamu kama huo. Unajihisi wewe ni pumzi na dunia ni filimbi. Ndiyo maana niliapa, na naapa tena, kwamba sijawahi kumtia mtu neno mdomoni. Nilitia nusu. Nusu neno si neno. Hesabu zangu zilikuwa safi kabisa.

Kisha akaja Sikujua.

Shule yetu iko ukingoni mwa mto, na ng'ambo ya mto wapo watu. Ndivyo tunavyowaita, watu wa ng'ambo, kana kwamba sisi, tukitazamwa kutoka kule, hatuko ng'ambo. Mto wenyewe haufiki magotini. Sikujua aliuvuka kila asubuhi, viatu mkononi, pindo la sketi limelowa, akaingia darasani na kuacha nyayo mbichi sakafuni kutoka mlangoni hadi dawati la tatu kutoka nyuma. Zilikaa pale mpaka katikati ya somo la pili, vidole vitano vitano, kama mtu asiyeonekana bado anaingia.

Jina lake, wewe unayejua utani, unaliona tayari linavyonikonyeza. Nilimuuliza mwenyewe siku ya kuandikishwa.

"Sikujua ndilo jina, au hujui jina?"

"Ndilo jina, mwalimu. Mama alijifungulia njiani. Nesi akamuuliza kwa nini hukuja mapema, mama akasema sikujua. Nesi akaandika."

Asingeniambia mimi. Kuanzia siku hiyo, kuita mahudhurio kukawa sarakasi yangu. Nilikuwa nafika kwenye jina lake natulia, nalinyanyua kama mtu anayenyanyua kifuniko cha sufuria: Sikujua! Naye anajibu, nipo, mwalimu. Na mimi: "Jamani, hata kutojua kumehudhuria leo!" Kicheko. Nani kamwaga maji mlangoni? Darasa zima: Sikujuaaa! Nani alikula chaki ya mwalimu? Sikujuaaa! Kwenye daftari la mahudhurio, pembeni ya jina lake, kwenye safu ya *anakotoka*, niliandika kwa mkono wangu: ng'ambo, nyayo mbichi. Niliona ni mzaha mzuri. Ulikuwa mzaha mzuri. Hilo ndilo tatizo la mizaha yangu, mingi ni mizuri.

Sasa somo la Uraia. Ulikuwa msimu wa uchaguzi, kuta zina nyuso, na mji unaongea kwa vipaza sauti. Nikasimama mbele ya ubao, kifua kimejaa. Sikuwa nimepanga. Naomba uniamini hapa hata kama sistahili. Sentensi ilikuja yenyewe, imevaa nguo zake, imepiga na viatu rangi.

"Sisi wa upande huu hupiga kura kwa ki..."

"...chwaaa!"

"Na watu wa ng'ambo hupiga kura kwa tu..."

"...mbooo!"

Ilikuwa safi, kama jiwe linavyoangukia kwenye shimo lake. Sikuwa nimewafundisha bado! Waliijua. Niliijua. Ilikuwa ikitusubiri darasani toka enzi za Mwalimu Lihundi, na nilipotega sikio vizuri katika ule mwangwi nikasikia, katikati ya sauti zao, sauti moja nyembamba yenye mtetemo wa mafua, nikaitambua. Ilikuwa yangu. Mimi wa miaka tisa nilikuwa bado nimeketi pale, safu ya pili, namalizia. Nilimtazama. Alinitazama kwa heshima, mikono juu ya dawati, akisubiri nusu nyingine.

Lakini lilikuwepo tundu pia. Watu wasiofundisha hawajui kwamba sauti ya darasa ina umbo, na ukizoea unaliona kama unavyoona mkeka. Katika mkeka ule, dawati la tatu kutoka nyuma, palikuwa na tundu la ukubwa wa mdomo mmoja. Sikujua hakumaliza. Alikuwa amefumba mdomo tu, ananitazama, na maji ya mto yanatiririka kutoka kwenye pindo lake yakihesabu: to, to, to.

Nikageukia ubao, nikaiandika, kisha nikafuta. Ubao wetu una tabia mbaya, ukifuta leo kinarudi cha jana. Nilipofuta *tumbo* likatokea *tumbo* jingine, la mwandiko wa zamani, herufi za Lihundi zenye mikia mirefu. Nikafuta na hilo. Chini yake kulikuwa na jingine, mwandiko nisioujua. Nikaacha. Nikajiambia vumbi la chaki ni baya kwa mapafu.

Mtihani ukaja. Swali la kumi na saba, nililitunga mimi, kwa kalamu yangu, kwa akili yangu iliyopiga kura kwa kichwa: *Jaza nafasi iliyo wazi. Watu wa ng'ambo hupiga kura kwa ______.* Vitabu arobaini na sita vikaandika tumbo. Babu Kidato aliandika tumbo kwa herufi kubwa na kupigia mistari miwili. Sikujua aliandika *karatasi*.

Nikacheka, kwa kweli nikacheka mwenyewe mezani. Kisha nikaweka kosa, kalamu nyekundu, mkono mwepesi. Nikajumlisha: thelathini na tisa.

Alikuja mezani kwangu wakati wa mapumziko, kitabu kifuani. Nikaona kwenye nywele zake, juu ya sikio la kushoto, unywele mmoja mweupe. Jana haukuwepo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kulilia alama?"

"Nimekuja kuuliza. Ninyi upande huu mnapiga kura kwa nini?"

"Kwa kichwa. Si tuliandika?"

"Kwa sababu mligawiwa kofia?"

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia, maana mzaha ni mzaha na mimi ni mtu wa haki katika jambo hilo moja. Kisha kikakwama. Kofia yangu ya mgombea ilikuwa juu ya kabati, nyuma ya kichwa changu, na yeye alikuwa akiitazama. Nikakumbuka na pilau. Siku ya mkutano wa upande huu, upande wa vichwa, nilikula sahani tatu, na ya tatu nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki nikaenda nayo nyumbani.

"Nimekosa wapi, mwalimu?"

"Hukukosa. Jibu lako ni sahihi. Ila siyo jibu lenyewe."

"Jibu lenyewe ni la nani?"

"La darasa."

"Darasa limelitoa wapi?"

"Kengele imelia," nikasema.

Kengele haikuwa imelia. Tukakaa tunatazamana, mimi na yeye, mpaka kengele yenyewe, nadhani kwa kunionea aibu, ikalia. Akageuka. Mvi zilikuwa tatu.

Wanasema aibu inaunguza. Labda ya kwao. Ya kwangu ni vumbi la chaki. Inakaa nyuma ya suruali nyeusi, pale pa kukalia, umbo la viganja vyako mwenyewe ulipojifuta bila kufikiri, na kila mtu anaiona isipokuwa wewe. Unatembea nayo sokoni. Unapiga nayo stori. Unamshauri nayo mtoto wa jirani asome kwa bidii. Siku unayojua ipo, huanzi kuihisi siku hiyo. Unaanza kuzihisi siku zote zilizopita, moja moja, ulipokuwa ukitembea na watu wakikupisha njia ukidhani ni heshima.

Ningeweza kurekebisha, alama moja tu. Ningegeuza lile kosa likawa vyema. Kalamu ilikuwa mfukoni, inaninong'oneza. Lakini juu ya mlango wa Shu kuna sheria, imechongwa kwenye mbao, na kila mwalimu anaijua kabla ya kujua chumba cha choo: *Kosa la kitabu hubaki kwa mwanafunzi. Kosa la mwalimu humrudia mwalimu.* Maana yake ni hii. Kitabu kikikosea, pole, mwanafunzi avumilie, alama haibadiliki. Mwalimu akikosea huku anajua, mwanafunzi anarudishiwa alama yake anapanda, na mwalimu anaketi kwenye dawati lake lililoachwa wazi. Na mwalimu aliyekosea bila kujua? Chini kuna maandishi madogo: *asiyejua huhesabiwa kuwa kitabu.*

Kugeuza alama kungekuwa kukiri kwamba nilijua, na sikutaka kuketi. Sema unavyotaka, umri wangu ishirini na miwili, shati moja, nywele zote nyeusi.

Mkaguzi alifika kabla hatujaambiwa kwamba atakuja. Ndivyo wanavyofika wakaguzi wa huku. Mwanamke mfupi, kandambili, mkoba wa ngozi uliochoka, na sauti ya mtu anayechambua mchele. Aliketi kwenye kiti changu, akafungua vitabu vyote arobaini na saba kwa pamoja. Sikujua alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani. Nilijua kinaficha nini. Mikono yake juu ya dawati ilikuwa na mishipa kama ya mama yake.

"Mwalimu, hujambo."

"Sijambo, shikamoo mama."

"Marahaba. Swali la kumi na saba. Nani kalitunga?"

"Limetoka... mama, hayo ni mambo ya kawaida. Watoto wenyewe wanayajua."

"Sijauliza wanajua nini. Nani aliwaambia?"

Hapo nikalitoa lile neno langu, lile la mwanzo, nililolipigia mstari kwa rula. Lilitoka limenyooka, lina harufu ya sabuni.

"Mama Mkaguzi, mimi sijawahi kumtia mtoto neno mdomoni."

Safu ya pili, yule mimi wa miaka tisa aliinamisha uso.

Mkaguzi aliandika kitu. Kisha akafungua daftari la mahudhurio, akalipitishia kidole taratibu, jina kwa jina. Kikasimama. Kikakaa pale muda mrefu. Sikuhitaji kusogea kuona kilisimama wapi.

"Huyu mwenye thelathini na tisa," alisema. "Ameandika karatasi. Nyumbani kwangu pia tunapiga kwa karatasi. Nataka kujua jambo moja tu, nifunge kitabu hiki niende zangu. Ulipotunga swali hili, mwalimu, ulijua kwamba darasani mna mtoto wa ng'ambo?"

Jibu moja lingenikalisha. Jingine lingenigeuza kitabu, na kitabu hakiketi dawatini, kitabu hakizeeki, kitabu hakimwombi mtu msamaha. Nikatazama chini nipate pa kuweka macho. Sakafuni, kutoka mlangoni mpaka dawati la tatu kutoka nyuma, nyayo zilikuwa bado mbichi. Zilikuwa zimepita katikati ya viatu vyangu. Nilikuwa nimesimama juu ya unyayo mmoja, soksi yangu imelowa, nikahisi baridi yake inapanda kifundoni. Darasa lote lilikuwa linaona ninachokiona. Na bado, wewe uliyenifuata mpaka hapa, bado ulimi wangu ulikwenda ulikozoea, kwenye neno lililokuwa jepesi kuliko yote mdomoni mwangu, nililokuwa nikilitamka kila asubuhi kwa raha.

"Sikujua," nikasema.

"Nipo, mwalimu."

Alikuwa amesimama. Kitambaa kichwani, mkono umenyooka ubavuni kama wanavyosimama kwenye mahudhurio.

Hakuna aliyecheka. Miezi yote ile hapakuwahi kupita asubuhi hata moja bila jina lile kuchekwa, na sasa lilining'inia hewani bila kicheko chake, likaonekana lilivyokuwa siku zote, jina la mtu. Mkaguzi alimtazama yeye. Akanitazama mimi. Akatazama sakafu, viatu vyangu, akarudi kwenye yale maneno ya pembeni ya daftari, ya mwandiko wangu. Niliona anataka kutabasamu na hawezi. Nadhani na yeye aliwahi kusoma hapa, kabla mvua haijala jina, maana aliinua mkono wake mbele ya darasa, kiganja juu, vilevile ninavyoinua mimi, vilevile alivyoinua Lihundi.

"Mwalimu ali..."

Midomo arobaini na sita ikafumba. Sijui kama ni kwa kunipenda, au kunihofia, au walikuwa wakisubiri waambiwe kama hii inatoka. Babu Kidato alikuwa ameng'ata penseli. Hata yule wa safu ya pili alijiziba kwa viganja vyote viwili, namshukuru. Mkeka mzima ulikuwa umekunjwa, kimya kilikuwa kizima, isipokuwa mahali pamoja tu, pale palipokuwa na tundu siku zote.

"...jua," akamaliza Sikujua.